Viongezo vya chakula kwa afya ya utumbo wa samaki

Viongezo vya chakula kwa afya ya utumbo wa samaki ni vitu vinavyochanganywa kwa kiasi kidogo katika chakula cha samaki wa kufugwa ili utumbo wao umeng'enye chakula vizuri, uzuie vijidudu vya maradhi na usipate uvimbe. Miongoni mwake kuna bakteria hai wenye manufaa (probiotiki), sukari ndefu ambazo samaki mwenyewe hawezi kuzimeng'enya (prebiotiki), asidi, vimeng'enya, dondoo za mimea na udongo maalumu unaonasa sumu. Kiongezo si chakula chenyewe. Protini, mafuta na wanga hutoka katika viambato vikuu kama unga wa dagaa, soya, mashudu na pumba. Kiongezo huja juu ya hivyo, mara nyingi gramu chache tu kwa kila kilo.

Jambo hili lilipata uzito kwa sababu mbili zilizokutana. Kwanza, antibiotiki zilizokuwa zikitiwa katika chakula cha wanyama zilipigwa marufuku au kupunguzwa katika nchi nyingi. Pili, chakula cha samaki kimehama kutoka unga wa samaki kwenda unga wa mimea, na utumbo wa samaki wengi haukuumbwa kwa ajili ya mimea hiyo. Kwa mfugaji, chakula ndicho gharama kubwa kuliko zote, kwa kawaida nusu ya matumizi yake au zaidi, kwa hiyo utumbo usiofanya kazi vizuri ni fedha inayomwagwa majini.

Utumbo wa samaki ulivyo

Samaki hawana utumbo wa namna moja. Samoni na trauti, ambao hula wanyama wengine, wana tumbo lenye asidi na utumbo mfupi, na mwanzoni mwa utumbo huo kuna vijifuko vingi vinavyoning'inia kama vidole na kuongeza eneo la kumeng'enya na kufyonza chakula. Kambare naye ana tumbo na utumbo usio mrefu. Samaki wa jamii ya karpi hawana tumbo kabisa: chakula kikipita kooni huingia moja kwa moja utumboni. Sato (Oreochromis niloticus), anayekula zaidi mwani na mabaki ya mimea, ana utumbo mwembamba uliojisokota, wenye urefu mara kadhaa ya mwili wake. Aliyewahi kupaa na kupasua sato jikoni anaujua.

Tumbo la sato lina jambo la ajabu ambalo liligunduliwa Afrika Mashariki. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1973, D. J. W. Moriarty alieleza jinsi sato wa Ziwa George, Uganda, wanavyoweza kumeng'enya mwani wa buluu-kijani, ambao samaki wengi hupitisha ukiwa mzima. Tumbo la samaki hao hutoa asidi kali sana, kiasi cha pH kushuka hadi karibu 1.4, na asidi hiyo hupasua chembe za mwani. Lakini haitoki saa zote. Huanza kumiminika samaki anapoanza kula asubuhi na kuongezeka kadiri siku inavyokwenda, na ndiyo sababu mwani wa kwanza kuliwa hutoka ukiwa bado wa kijani. Jambo hili lina maana kwa mada yetu, kwa kuwa bakteria yeyote anayetiwa katika chakula cha sato lazima kwanza avuke tumbo hilo akiwa hai.

Ndani ya utumbo kuna mikunjo mingi iliyofunikwa na safu moja tu ya seli. Juu yake kuna ute. Safu hiyo nyembamba inafanya kazi mbili zinazopingana: kuruhusu chakula kipite kuingia katika damu, na kuzuia vijidudu na sumu visipite. Seli zikilegea mahali zinaposhikana, au mikunjo ikifupika, kazi zote mbili huharibika pamoja. Samaki hudumaa na papo hapo huwa rahisi kuugua.

Kinga ya utumbo wa samaki si nakala ya kinga ya binadamu. Samaki hawana kingamwili ya IgA inayolinda utumbo wetu. Mwaka 2005 wanasayansi walitambua kwa samaki wenye mifupa kingamwili iliyopewa jina IgT, na mwaka 2010 ikaonyeshwa kwa trauti kwamba kazi yake kubwa iko utumboni.

Pamoja na seli za samaki, utumboni wanaishi bakteria wengi sana. Hao si wageni wa kupita tu. Mwaka 2004 kundi la watafiti wa Marekani lilikuza samaki-milia (Danio rerio), samaki mdogo wa maabara, bila bakteria yoyote mwilini, kisha likawalinganisha na wale waliopewa bakteria. Jeni 212 za utumbo zilifanya kazi kwa kiwango tofauti, zikiwemo za kukuza ukuta wa utumbo, za lishe na za kinga. 59 kati ya hizo zilikuwa zimeonekana kufanya vivyo hivyo kwa panya. Mfano wa karibu zaidi na mfugaji ni vitamini B12: bakteria wa utumbo wa sato huitengeneza kwa kiasi kinachomtosha, hata majaribio ya miaka ya 1980 yakaonyesha kwamba hakuna haja ya kumwekea katika chakula.

Kutoka antibiotiki hadi viongezo

Katikati ya karne ya 20 iligunduliwa kwamba mifugo inayopewa kiasi kidogo cha antibiotiki kila siku hukua haraka, hata kama haiumwi. Desturi hiyo ilienea kwa kuku, nguruwe na ng'ombe, na kwa samaki dawa zilitiwa katika chakula kutibu na mara nyingi pia kukinga. Tatizo lake linajulikana leo kwa kila anayesikiliza habari za afya: bakteria wanaokutana na dawa kidogo kidogo kila siku hujifunza kuishi nayo. Katika ufugaji wa samaki kuna ubaya wa ziada, kwa sababu dawa haibaki ndani ya banda. Chakula kisicholiwa na kinyesi huipeleka kwenye maji na tope la chini, ambako bakteria wa kila aina hubadilishana jeni za usugu, wakiwemo wa jamii zinazowasumbua watu.

Uswidi ilipiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo mwaka 1986. Umoja wa Ulaya ulikamilisha marufuku kama hiyo tarehe 1 Januari 2006, na China ikaondoa dawa hizo katika vyakula vya mifugo mwaka 2020.

Norwei ndiyo inayotajwa mara kwa mara, na kwa haki. Mwaka 1987 wafugaji wake wa samoni walitumia karibu tani 50 za antibiotiki kwa samaki wasiofika tani laki moja. Leo nchi hiyo huvuna zaidi ya tani milioni moja kwa mwaka, na dawa imeshuka chini ya tani moja kwa miaka mingi. Hata hivyo ni vyema kutoa sifa panapostahili. Kilicholeta mageuzi hayo hakikuwa viongezo vya chakula bali chanjo, hasa chanjo ya mafuta dhidi ya ugonjwa wa majipu ya samoni iliyoanza kutumika mapema miaka ya 1990, pamoja na kupumzisha maeneo ya kufugia. Chile, inayofuga samoni yuleyule, bado hutumia mamia ya tani kwa mwaka kwa sababu ugonjwa wake mkuu, unaoletwa na bakteria Piscirickettsia salmonis, haujapata chanjo yenye nguvu kama ile. Matangazo ya biashara hupenda kuiunganisha historia ya Norwei na bidhaa za utumbo. Msomaji asikubali haraka.

Kisa cha soya na samoni

Mahali ambapo elimu ya utumbo wa samaki ilikua kweli ni katika tatizo lililoletwa na chakula chenyewe. Mwaka 1990 karibu asilimia 90 ya chakula cha samoni wa Norwei ilikuwa unga na mafuta ya samaki. Kufikia mwaka 2013 sehemu hiyo ilikuwa imeshuka hadi karibu asilimia 30, na pengo likajazwa na mimea, soya ikiwa mbele. Samaki wa baharini wa kusagwa hawakutosha tena, na bei yao ilipanda.

Dalili za hatari zilionekana mapema. Mwaka 1991 watafiti wa Uholanzi walieleza mabadiliko katika utumbo wa samoni waliolishwa unga wa soya, na mwaka 1996 Grete Baeverfjord na Åshild Krogdahl wa Norwei wakaeleza kwa kina kwamba huo ni uvimbe halisi wa sehemu ya nyuma ya utumbo. Chini ya darubini mikunjo huwa mifupi, vijishimo vya kawaida ndani ya seli za kufyonza hupotea, na seli za kinga hujaa chini yake. Samoni haharishi mbele ya macho ya mfugaji wala hafi ghafla. Anaendelea kula, ila anakua polepole na utumbo wake uko wazi kwa maradhi. Akirudishwa kwenye chakula cha unga wa samaki, utumbo hupona katika wiki chache.

Swali likawa: ni nini ndani ya soya? Protini ya soya iliyosafishwa kwa pombe haileti uvimbe huo, kwa hiyo mkosaji si protini yenyewe. Utafiti wa miaka iliyofuata ulielekeza kidole kwa saponini, kemikali chungu ya mmea inayotoa povu kama sabuni na ambayo pombe huiondoa. Saponini hushikana na utando wa seli na kuulegeza.

Ndipo likaja jaribio ambalo linafaa kujulikana zaidi. Mwaka 2011 watafiti wa Norwei waliwalisha samoni soya pamoja na unga wa bakteria Methylococcus capsulatus, wanaokuzwa kwa gesi asilia, na uvimbe haukutokea. Mwaka 2013 matokeo ya kufanana na hayo yalipatikana kwa chachu Candida utilis na mwani mdogo Chlorella vulgaris. Hamira ya kawaida ya mikate, Saccharomyces cerevisiae, haikutoa ulinzi wa kiwango hicho. Kuna mambo mawili ya kujifunza hapa. Kitu cha kijidudu kinaweza kuulinda utumbo dhidi ya ubaya wa kiambato kingine, hilo limethibitishwa. Lakini vitu hivyo viliwekwa kama sehemu kubwa ya chakula, si kijiko kwa gunia, na chachu moja haikuwa sawa na nyingine. Anayeuza "chachu kwa samaki" bila kutaja ni chachu ipi na kiasi gani hajasema kitu.

Sato hana shida hiyo kwa kiwango cha samoni. Yeye ni mlaji wa mimea kwa asili na hustahimili soya nyingi, mradi iwe imepikwa au kukaangwa vya kutosha kuua vizuizi vya vimeng'enya vilivyomo katika soya mbichi. Kwa mfugaji mdogo, kuikaanga soya vizuri kunaweza kumsaidia samaki kuliko kiongezo chochote cha dukani.

Probiotiki

Wazo la kula bakteria kwa ajili ya afya huhusishwa na Élie Metchnikoff, mwanasayansi wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris, aliyeandika mwaka 1907 kuhusu faida za maziwa ya mgando. Mwaka 2001 mashirika ya FAO na WHO yalikubaliana kwamba probiotiki ni vijidudu hai ambavyo, vikitolewa kwa kiasi cha kutosha, humpa mwenyeji manufaa ya afya. Maneno "hai" na "kiasi cha kutosha" ndiyo yanayosahaulika. Katika ufugaji wa samaki, matumizi ya kwanza yaliyoandikwa ni ya Kozasa wa Japani, mwaka 1986, aliyetumia bakteria wa jenasi Bacillus.

Bacillus bado ndio wanaotumika zaidi kwa sato, na sababu ni ya kiwandani kuliko ya kibiolojia. Bakteria hawa hujifunga ndani ya spora, aina ya mbegu ngumu inayovumilia joto, ukavu na asidi. Mashine ya kutengeneza tembe za chakula hupasha unga kwa mvuke hadi nyuzi 70 hadi 90 za Selsiasi, na mashine za tembe zinazoelea hupita nyuzi 100. Bakteria wa maziwa, kama Lactobacillus na Pediococcus, hufa humo wasipokingwa. Inabidi wanyunyiziwe juu ya tembe zilizopoa, mara nyingi pamoja na mafuta kidogo ili washike. Spora za Bacillus huweza kuchanganywa kabla. Kiasi kinachotumika katika majaribio huwa kati ya bakteria milioni moja na bilioni moja kwa kila gramu ya chakula.

Wakifika utumboni, bakteria hao hushindana na wabaya kwa nafasi na chakula, hutoa asidi na vitu vinavyoua wengine, husaidia kumeng'enya, na huiamsha kinga. Majaribio mengi ya sato walioambukizwa makusudi Aeromonas hydrophila au Streptococcus agalactiae yameonyesha vifo vichache kwa waliopewa probiotiki. Hata hivyo bakteria hawa kwa kawaida hawahamii moja kwa moja. Chakula chao kikikatizwa, hupungua na kutoweka katika siku au wiki chache. Mfugaji anayewapa wiki ya kwanza ya mwezi tu amenunua wiki moja.

Prebiotiki na ukuta wa chachu

Neno prebiotiki liliundwa mwaka 1995 na Gibson na Roberfroid kwa kitu kisichomeng'enywa na mwenyeji lakini kinachowalisha bakteria wema. Kwa samaki hutumika inulini, inayotoka katika mizizi ya chikori, na sukari za manani zinazotoka katika ukuta wa chachu. Sukari za manani zina kazi nyingine: bakteria wabaya hushikamana na ukuta wa utumbo kwa kushika manani, na zile za chakula huwadanganya wakashika hizo na kutoka nazo.

Beta-glukani pia hutoka katika ukuta wa chachu, ila kazi yake hasa ni kuiambia kinga kwamba kuna kitu kinachofanana na kuvu. Kinga hujiandaa. Kiasi cha gramu moja kwa kilo, kikitolewa kwa wiki chache kabla ya msukosuko kama kusafirisha vifaranga au kuhamisha samaki, ndicho kinachopendekezwa mara nyingi. Kuiamsha kinga miezi yote bila kupumzika kunaweza kuichosha.

Prebiotiki si salama kwa kuwa tu ni "za asili". Mwaka 2001 watafiti wa Norwei waliripoti kwamba samaki wa jamii ya samoni aitwaye cha wa Aktiki, aliyepewa inulini kwa asilimia 15 ya chakula, alipata madhara katika seli za utumbo wa nyuma.

Asidi, vimeng'enya na mimea

Asidi kama ya fomiki na chumvi zake, ya sitriki na ya butiriki huzuia ukungu katika chakula ghalani na bakteria utumboni. Asidi ikiwa haijaachana na haidrojeni yake hupenya utando wa bakteria, kisha huachana nayo ndani na kumharibu. Butiriki ina sifa ya pekee kwa kuwa ni chakula cha seli za utumbo zenyewe.

Kati ya vimeng'enya, muhimu kupita vyote ni fitasi. Karibu theluthi mbili za fosforasi iliyomo katika nafaka na mbegu imefungwa katika fitati, ambayo samaki hana uwezo wa kuifungua. Fitati hiyo hushika pia zinki. Fitasi huifungua, samaki akapata mifupa imara, na fosforasi iliyotoka na kinyesi ikapungua. Kwa vizimba vya Ziwa Viktoria hili si jambo dogo. Fosforasi ni mbolea, na ziwa tayari lina nyingi kutoka mashambani na mijini, ikichochea mwani na magugu maji. Kama vimeng'enya vingine, fitasi huharibiwa na joto la mashine, isipokuwa aina zilizotengenezwa kustahimili.

Kitunguu saumu, tangawizi, manjano na majani ya mlonge vimejaribiwa sana kwa sato na kambare. Matokeo mengi ni mazuri, lakini majaribio ni madogo na kipimo hutofautiana mno. Nguvu ya kitunguu saumu hutokana na alisini, inayojitokeza kinapopondwa na kupotea kwa joto na muda, kwa hiyo unga wa mwaka jana na kitunguu kilichopondwa leo si kitu kimoja.

Sumukuvu

Hapa ndipo Afrika Mashariki ina tatizo lake, na halipati nafasi inayostahili katika mazungumzo ya viongezo. Chakula kinachotengenezwa nyumbani au viwandani Tanzania, Kenya na Uganda hutumia pumba za mahindi na za mpunga, mashudu ya pamba, alizeti au karanga, soya, na dagaa wa Ziwa Viktoria, ambao Wakenya huwaita omena na Waganda mukene. Dagaa hao ni mboga ya watu pia, na samaki wa kufugwa anashindana na mlo wa familia. Kwa hiyo mimea huongezwa, na pamoja na mahindi na karanga huja kuvu Aspergillus flavus na sumu yake, aflatoksini.

Ubaya wa sumu hiyo kwa watu unafahamika: mwaka 2004 watu 125 walifariki mashariki mwa Kenya kwa kula mahindi yaliyoathirika. Kwa samaki historia ni ya zamani zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 trauti wengi waliofugwa Marekani walipatikana na saratani ya ini, na chanzo kikawa aflatoksini katika chakula chao, hasa mashudu ya pamba. Sato huvumilia kuliko trauti, lakini sumu hudhoofisha ini lake, kinga na ukuta wa utumbo, na probiotiki ikitiwa juu ya chakula cha namna hiyo inapigana vita ambayo imekwisha kupotezwa ghalani.

Udongo wa bentonaiti huinasa aflatoksini utumboni na kutoka nayo. Huzinasa vibaya sumukuvu nyingine, kwa mfano zile za kuvu Fusarium. Pumba iliyokauka, ikawekwa juu ya chaga mbali na sakafu na ukuta na kutumika ndani ya wiki chache, huhitaji udongo huo mara chache.

Kupima kama kiongezo kinalipa

Kipimo cha kawaida ni uwiano wa chakula na ukuaji: kilo za chakula zilizotumika zikigawanywa kwa kilo za samaki zilizoongezeka. Tuseme mfugaji hutumia kilo 1,600 za chakula kupata ongezeko la kilo 1,000 za sato. Uwiano wake ni 1.6. Akitumia kiongezo na uwiano ukawa 1.5, amehitaji kilo 1,500, yaani ameokoa kilo 100. Kama kilo ya chakula ni shilingi 3,000, ameokoa shilingi 300,000. Kiongezo kikitiwa gramu 2 kwa kilo, kilo 1,500 za chakula zimetumia kilo 3 za kiongezo. Basi kiongezo kinachouzwa zaidi ya shilingi 100,000 kwa kilo kimemtia hasara, hata kama samaki wamenawiri, labda vifo navyo viwe vimepungua.

Hesabu hiyo haina maana kama bwawa moja limepewa kiongezo na jingine halikupewa, maana mabwawa mawili hayafanani hata yakichimbwa siku moja. Watafiti hutumia matenki au vizimba vidogo vitatu au zaidi kwa kila chakula, samaki wa ukubwa sawa, na kura ya nani apewe nini. Kikundi cha wafugaji wenye vizimba kadhaa kinaweza kufanya hivyo bila maabara. Mzani, daftari na uaminifu vinatosha.

Tofauti hutegemea pia mahali. Katika bwawa la maji ya kijani sato hula mwani na vijidudu kila saa, na faida ya kiongezo mara nyingi hufifia. Katika kizimba au tenki lenye samaki wengi, ambako tembe ndiyo chakula pekee, huonekana zaidi. Oksijeni ikishuka alfajiri, samaki huacha kula na mmeng'enyo hupungua, na hakuna kiongezo kinachojaza nafasi ya hewa. Vilevile virusi kama kile cha sato, kilichotambuliwa Israeli mwaka 2014 na baadaye kuonekana hata katika sato wa Ziwa Viktoria, haviondolewi kwa chakula.

Sheria na usalama

Katika Umoja wa Ulaya kila kiongezo huombewa kibali kwa kutaja aina ya mnyama, na kibali hudumu miaka 10 kabla ya kuombwa upya. Mwombaji huonyesha kwamba kinafanya kazi na hakimdhuru mnyama, mlaji, mfanyakazi wala mazingira. Kwa bakteria hai hutakiwa pia ushahidi kwamba hawabebi jeni za usugu wa dawa zinazoweza kuhamia kwa bakteria wengine. Sharti hilo si la urasimu tu, kwani kuuza bakteria sugu kama mbadala wa antibiotiki kungekuwa kuurudisha ugonjwa kwa mlango wa nyuma.

Pediococcus acidilactici wa nasaba moja maalumu alipata kibali mwaka 2009, kwa samaki wa jamii ya samoni na kamba; samaki wengine waliongezwa baadaye. Lebo inayoaminika hutaja jenasi, spishi na nasaba ya bakteria, idadi yao kwa gramu, namna ya kuhifadhi na tarehe ya mwisho ya matumizi. Paketi nyingi zinazouzwa kwa wafugaji wadogo hukosa angalau kimojawapo, na idadi iliyoandikwa ni ya siku ya kutengenezwa, kabla ya safari ndefu katika lori lenye joto.